Tangazo Halisimami Mpakani: Mtandao wa Kikanda na Ulinzi wa Unyonyeshaji

Mwenyekiti, wakunga na wauguzi, madaktari, wanasheria, na kina mama mliokuja na watoto wenu, nawasalimu.

Nimeombwa kuzungumzia mtandao wa kikanda. Nitaanza na titi lenyewe, maana mikakati yetu mingi hupotea njia kwa kulisahau. Titi hutengeneza maziwa kadiri mtoto anavyonyonya. Lisiponyonywa, mwili hupunguza. Mama aliyejifungua jana akipewa kopo la bure la maziwa ya unga ya watoto, mtoto akashibishwa kwa chupa, siku hiyo atanyonya kidogo. Baada ya siku chache maziwa yanapungua kweli, na mama anaamini kuwa tangu mwanzo hakuwa nayo ya kutosha. Kopo la pili atalinunua. Kwa hiyo kumhimiza mama anyonyeshe, bila kumkinga na zawadi kama hiyo, ni kumtwika lawama ya jambo lililopangwa na wengine.

Kinga hiyo imedaiwa kwa muda mrefu. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams alisimama mbele ya klabu ya Rotary ya Singapore akawashutumu hadharani wale walioeneza maziwa yasiyowafaa watoto wachanga. Ilipita miongo minne ndipo dunia ikachukua hatua. Mwaka 1977 wananchi wa Marekani walianza kususia bidhaa za kampuni ya Nestlé, kwa jinsi ilivyoyauza maziwa ya kopo. Oktoba 1979 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliitisha mkutano Geneva, na vikundi sita vya kiraia vilivyokutana huko vikaunda IBFAN, mtandao wa kimataifa unaotetea ulishaji bora wa watoto wachanga. Mei 1981 Mkutano wa Afya Duniani, chombo kikuu cha maamuzi cha Shirika hilo la Afya, ukapitisha Kanuni za Kimataifa za kudhibiti uuzaji wa maziwa yanayochukua nafasi ya maziwa ya mama, kwa kura 118 dhidi ya moja. Kura hiyo moja ilikuwa ya Marekani.

Vikundi sita! Nayarudia haya kwa ajili ya wale wanaoniambia, «Sisi ni wachache mno.»

Kanuni hizo hazikatazi kuuza maziwa ya kopo. Wapo watoto wanaoyahitaji, na mama zao wanastahili heshima yetu yote. Kinachokatazwa ni kuyatangaza kwa umma, kuwagawia kina mama sampuli za bure, kuwashawishi wahudumu wa afya kwa zawadi, na kupamba kopo kwa picha za watoto. Lakini katazo halina meno mpaka nchi iliandike katika sheria yake. Kufikia 2022, nchi 144 kati ya 194 zilikuwa na sheria ya namna fulani, na ni 32 tu ambazo sheria zake zilikaribia kikamilifu matakwa ya Kanuni. Katika pengo hilo ndipo mtandao wa kikanda unapopata kazi yake.

Chukueni mfano wa Ufilipino. Nchi ile ilitunga sheria yake ya maziwa mwaka 1986. Miaka ishirini baadaye wizara ya afya ilitoa taratibu mpya kali zaidi, na chama cha kampuni za dawa kikaishtaki. Oktoba 2007 Mahakama ya Juu ilizibakiza sehemu kubwa ya taratibu zile, lakini ikafuta marufuku kamili ya matangazo, kwa kuwa sheria mama, ile ya 1986, haikuwa na marufuku hiyo. Ikasema pia kwamba maazimio ya baadaye ya Mkutano wa Afya Duniani hayawi sheria ya nchi kwa kupitishwa tu kule Geneva. Mwanasheria yeyote anayeandaa muswada leo anapaswa kuisoma hukumu ile kabla hajashika kalamu: marufuku iandikwe ndani ya sheria yenyewe, isiachiwe taratibu za waziri. Lakini ataijuaje, kama hana mwenzake wa nchi nyingine wa kumwambia?

Halafu kuna simu. Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2022, katika nchi nane, ulikuta asilimia 51 ya wazazi na wajawazito waliohojiwa wamefikiwa na matangazo ya maziwa ya kopo. Bango la barabarani afisa wa nchi yako ataliona na kuling'oa. Tangazo la mtandaoni linaweza kutengenezwa nchi moja, kulipiwa nyingine, na kusomwa na mjamzito wa nchi ya tatu. Hakuna wizara moja inayoweza kulikamata peke yake.

Ndiyo sababu, mkiniuliza mtandao uanze na nini, nitasema ufuatiliaji. Makongamano na fulana vinaweza kusubiri. Piga picha ya lebo. Andika tarehe, mahali, na kifungu kilichovunjwa. Hifadhi tangazo kabla halijafutwa. Fomu iwe moja kwa nchi zote, ili ushahidi wa watano usomeke kama ushahidi mmoja. Waziri akiletewa lalamiko moja, ataambiwa na kampuni kwamba ni kosa la wakala. Akiletewa lebo ileile kutoka nchi tano jirani, maelezo hayo hayasimami tena.

Likizo ya uzazi nayo haiepukiki. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka wiki zisizopungua 14 na muda wa kunyonyesha kazini. Lakini watoto wanashauriwa wanyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, na wiki 14 hazifiki miezi minne. Nchi za ukanda mmoja zikipandisha kiwango kwa pamoja, hakuna itakayoogopa kukimbiwa na waajiri.

La mwisho ni fedha. Mtandao wetu, na vyama vya kitaaluma vya madaktari na wauguzi vilivyomo ndani yake, visipokee ufadhili wowote wa kampuni za maziwa: si ukumbi, si tiketi, si kalamu. Najua bajeti zetu ni finyu. Naomba kipengele hicho kiwe cha kwanza katika katiba mtakayoijadili mchana, na kila nchi imtaje mtu wake wa kutunza ushahidi kabla ya kikao kufungwa.