Mchango Usiofika Mfukoni ni Deni la Serikali

Ndugu watumishi wa halmashauri za Tabora, tuanzie kwenye hati ya mshahara. Mshahara ukiwa shilingi 1,000,000, PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inastahili kupokea 200,000 kila mwezi: 50,000 unakatwa wewe, 150,000 anatoa mwajiri. Shida kubwa iko kwa mwenzetu anayelipwa kwa mapato ya ndani ya halmashauri.

Mapato hayo hapa kwetu hubebwa sana na ushuru wa mazao, na kwenye tumbaku ni 3%. Kabla masoko hayajafunguliwa, akaunti hukauka. Mweka hazina mwenye fedha kidogo hulipa kinachopigiwa kelele: mshahara wa mkononi, dizeli, posho za vikao. Mchango haupigiwi kelele na mtu. Hati inaonyesha umekatwa 50,000, Mfuko haujaona hata senti. Hilo ndilo baya kuliko yote, maana fedha ile ilishakuwa ya mtumishi.

Tupige hesabu. Umechangia miezi 360, na wastani wa miaka mitatu bora ni 12,000,000 kwa mwaka. Kwa kanuni ya mafao, zidisha kwa 360, gawa kwa 580: unapata 7,448,276, pensheni kamili ya mwaka. Kwa wanaostahili mkupuo wa 40%, yaani fedha zinazolipwa mara moja unapostaafu, zidisha kwa 12.5 kisha chukua 40%: 37,241,379. Ile 60% iliyobaki, ukiigawa kwa 12, ni 372,414 kwa mwezi. Sasa toa miezi 24 isiyopelekwa. Mkupuo unapungua 2,482,759, na pensheni inapungua 24,828 kila mwezi hadi unaingia kaburini. Aliyeajiriwa umri umeshasogea anaweza hata kushuka chini ya miezi 180, akakosa kabisa pensheni ya kila mwezi.

Nani alipe? Serikali Kuu ndiyo iliyofanya uchangiaji kuwa lazima. Ndiyo inayotoa vibali vya ajira, ndiyo iliyoshusha ushuru kutoka 5% hadi 3% mwaka 2017, na ndiyo inayomhamisha mtu Igunga kwenda Kaliua huku deni lake likibaki Igunga. Ikishika yote hayo, ishike na deni. Ilishafanya hivyo: walioajiriwa kabla ya Julai 1999 hawakuwa wakichangia, na mwaka 2021 ikatoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kulipia sehemu ya deni hilo. Hazina iulipe Mfuko kwanza, kisha ibanane na halmashauri kwenye ruzuku. Mstaafu asiwekwe katikati.

Ninyi mlio kazini, fungueni PSSSF Kiganjani leo, mlinganishe taarifa ya michango na hati zenu, mwezi kwa mwezi. Anzeni na miezi ya LAPF, mfuko wa zamani wa watumishi wa serikali za mitaa, kabla mifuko haijaunganishwa Agosti 2018. Ukikuta pengo, mwandikie mkurugenzi, nakala ofisi ya Mfuko, ambatisha hati za miezi husika, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Usingoje ufike miaka 59. Waweka hazina huhama, na halmashauri nazo hugawanywa, kama Kaliua ilivyomegwa kutoka Urambo. Hapo hata jalada lako utalitafuta wilaya mbili.