"Tumeelewa, Mwalimu": Mhadhara kwa Walimu Tarajali kuhusu Ushiriki wa Wanafunzi Darasani

Waheshimiwa wakufunzi, na ninyi walimu tarajali mnaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumtia mwanafunzi hamasa ya kushiriki katika somo, nami naomba nianze na swali tunalolitumia kila siku bila kulitafakari: "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia kwa pamoja, "Tumeelewa, Mwalimu!", naye mwalimu hufuta ubao na kuendelea. Itikio hilo halipimi chochote, kwa kuwa aliyeelewa na yule ambaye hakuambulia kitu wamesema neno lile lile kwa sauti ile ile. Sikubaliani na wanaosema kwamba wanafunzi wa namna hii hawana hamasa. Wanachojua, tena wanakijua barabara, ni kwamba kunyamaza hakuwagharimu kitu, ilhali kukosea mbele ya wenzao huwaletea aibu.

Aibu hiyo huzidi Kidato cha Kwanza. Nchini Tanzania, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu 1967, lakini mtoto huyo huyo akiingia sekondari hukutana na Fizikia na Jiografia kwa Kiingereza. Akiulizwa swali, hana budi kutafuta jibu, kutafuta maneno ya kulielezea, na kupima kama atachekwa, yote hayo kabla mwalimu hajamgeukia mwingine. Na sisi hugeuka upesi mno. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi, alibaini kwamba kwa kawaida walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, walioshindwa kujibu walipungua, na hata waliodhaniwa kuwa wazito walianza kuchangia. Kwa mtoto anayefikiri kwa Kiswahili na kutakiwa ajibu kwa Kiingereza, hata hizo 3 naziona chache.

Chukueni somo la kuelea na kuzama, linalohitaji glasi ya maji, yai bichi na chumvi. Mwalimu mmoja atatumbukiza yai, lizame, atie chumvi, lielee, kisha aulize, "Mmeona?" Mwingine, mwenye vifaa vile vile, atalishika yai juu ya glasi na kutulia. Atawataka wanafunzi waandike kwenye daftari kama litazama au litaelea, na kwa nini, kisha kila mmoja amweleze jirani yake, kwa Kiswahili akipenda. Hapo ndipo yai litakapoingia majini. Aliyekwisha kuandika utabiri wake anataka kujua kama amepatia, na chumvi inapokorogwa kijiko baada ya kijiko hadi yai likaanza kunyanyuka, aliyekosea ndiye anayeuliza kwa shauku zaidi. Maelezo ya Kiingereza yafuate baadaye, wakati hoja imekwisha kujaribiwa na wawili, na anayesimama anaweza kusema "sisi tulifikiri". Najua zipo shule zinazomwadhibu mwanafunzi kwa kutamka Kiswahili. Kwa maoni yangu, adhabu hiyo hufundisha ukimya kuliko inavyofundisha Kiingereza.

Mtaniambia kwamba darasa lina wanafunzi 80 na muhtasari haujamalizika. Lakini darasa kubwa ndilo hasa linaloihitaji njia hii: wakizungumza wawili wawili, wanafunzi 40 wanasema kwa wakati mmoja, ilhali kwa kumwinua mmoja mmoja watasikika wachache tu, mara nyingi wale wale wa madawati ya mbele.

Kuhusu zawadi nitasema machache. Mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake walichapisha jaribio la watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora: walioahidiwa cheti, baadaye walipoachwa huru, walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao, lakini waliopewa cheti bila kukitarajia hawakupungukiwa na hamu. Kwa hiyo pongezeni, ila msiinunue kazi ambayo mtoto alikuwa tayari kuifanya.

Nanyi wakufunzi mtakaowatembelea vijana hawa, mkikuta darasa linavuma kwa mazungumzo, msikimbilie kuandika kwamba mwalimu ameshindwa kulidhibiti. Sogeeni kwenye dawati mojawapo, msikilize kinachosemwa, kisha ndipo mjaze fomu ya tathmini.