Leo Sivuki: Niliyojifunza Nikiwa Peke Yangu Mtumbwini

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, habari za jioni.

Mmeniomba nieleze kwa nini mtu mwenye mke na watoto hufunga mtumbwi juu ya gari kila mwaka na kwenda kulala msituni wiki nzima peke yake. Mama yangu huniuliza swali hilohilo kwenye simu kutoka Ukerewe, na yeye anayajua maji kuliko sisi sote tuliomo humu ndani.

Wengi wetu tumeishi hapa Minneapolis miaka kumi, wengine ishirini, na hatujafika kule. Kwenda Ely, mji mdogo wa kaskazini, ni mwendo wa saa nne tu kwa gari. Hapo uko mlangoni mwa Boundary Waters, hifadhi ya kilomita za mraba 4,400 hivi, yenye maziwa zaidi ya 1,000, inayopakana na Kanada. Sehemu kubwa haina barabara wala mlio wa injini. Ili ulale huko kati ya Mei na Septemba unachukua kibali kinachotaja siku na lango utakaloingilia. Ukishaingia, njia unajichagulia mwenyewe. Vyakula vya makopo na chupa hawaruhusu, kwa hiyo mimi hubeba sembe, maharage niliyoyapika na kuyakausha nyumbani, na dagaa. Dagaa nawatia kwenye pipa lenye mfuniko wa kukaza, maana dubu wana pua kali.

Kutoka ziwa hadi ziwa unabeba mtumbwi. Njia hizo za nchi kavu hupimwa kwa rodi, kipimo cha kama mita 5, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Ukiona 100 kwenye ramani, ujue ni nusu kilomita. Mtumbwi wangu una kilo 18, naubeba mabegani kwa nira ya mbao, naufikisha ng'ambo, narudi kuchukua mzigo. Nusu kilomita inakuwa moja na nusu. Miaka ya mwanzo nilitaka kubeba vyote kwa mkupuo mmoja, mpaka siku moja mguu ulipoteleza kwenye jiwe nikakaa chini nusu saa nikiupapasa, nikihesabu ni siku ngapi zitapita kabla mtu mwingine hajapita pale.

Hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo. Mashariki ya hapo kuna Grand Portage, njia ya kilomita karibu 14 ambayo wapagazi wa biashara ya manyoya waliipita katika karne ya 18, kila mmoja na marobota mawili ya kilo 40 hivi mgongoni. Nilipoipita mara ya kwanza niliwafikiria mapagazi wa Kinyamwezi na frasila zao mbili, kama kilo 32, kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Bahari mbili tofauti, pembe huku na manyoya kule, lakini mabega ni yaleyale. Na mitumbwi waliyoitumia, ya magome ya mti wa betula yaliyoshonwa kwa mizizi na kuzibwa kwa utomvu, ni ufundi wa Waojibwe, wenyeji wa maziwa hayo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1964 inasema pori ni mahali ambapo binadamu ni mgeni apitaye. Mimi ni mgeni kule, nakubali. Lakini kwenye mwamba wa ziwa Hegman kuna michoro ya rangi nyekundu, mtu amenyoosha mikono kando ya paa mkubwa wa kule. Aliyeichora hakuwa mgeni.

Sasa nirudi kwenye jambo lililonileta.

Safari yangu ya nne ilikuwa mwishoni mwa Mei, barafu imeyeyuka kama wiki mbili tu. Nilikuwa Saganaga, ziwa kubwa la mpakani lenye visiwa vingi. Ilikuwa Jumapili, Jumatatu asubuhi nilitakiwa kazini, na nilikuwa nimemwambia mke wangu nitafika usiku. Nilisimama ufukweni nikaangalia maji. Yalikuwa shwari. Upepo ulitoka nyuma yangu, nikaona ni bahati, utanisukuma.

Sikilizeni vizuri hapa, hasa vijana. Upepo ukitoka nyuma yako, ufukwe unaouacha huwa shwari kwa sababu miti imeukinga. Mawimbi huanza madogo na kukua kadiri maji yanavyopanuka. Kwa hiyo hatari huioni unapoanza. Unaikuta katikati, na hapo kugeuza ni kumpa wimbi ubavu wa mtumbwi. Mimi mtoto wa Ukerewe nilipaswa kulijua hilo. Babu alikuwa akikaa chini ya mwembe anaangalia ziwa muda mrefu kabla ya kushusha mtumbwi, nasi watoto tulidhani amechoka.

Baada ya robo saa mawimbi yalikuwa yananipita mabegani. Nilipiga magoti sakafuni ili uzito ukae chini, nikawa natumia kafi kama usukani tu. Wimbi moja liliingia kwa nyuma, maji yakanifika vifundoni. Jaketi okozi nilikuwa nimelivaa, namshukuru Mungu. Lakini maji baridi ya namna ile yana hesabu yake. Gordon Giesbrecht, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Manitoba kule Kanada, huifundisha kwa tarakimu tatu: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Nchi kavu ya karibu, kwa mtu anayeogelea, ilikuwa mbali kuliko dakika 10.

Niliangukia kisiwa kidogo chenye misonobari michache. Kiberiti kilinishinda, vidole havikushika. Nilivua nguo zilizolowa, nikaingia kwenye mfuko wa kulalia, nikatetemeka mpaka jua lilipokuwa linazama. Upepo haukukoma siku mbili.

Siku mbili hizo mke wangu hakulala. Simu hazishiki kule. Hakujua kama aite watu wa uokoaji au asubiri, kwa sababu sikuwa nimemwambia lolote zaidi ya "nitafika Jumapili." Naona haya kulisimulia, lakini nalisimulia. Tangu hapo namwachia ramani yenye njia yangu na nyakati mbili: siku ninayotarajia kurudi, na siku ya pili yake, saa sita mchana, ambayo asiponisikia apige simu kwa sherifu wa kaunti. Katikati ya nyakati hizo mimi niko huru kungoja, naye yuko huru kulala. Kazini nilianza kuomba siku mbili za ziada. Siku za upepo, naziita.

Ukiwa na mwenzako, kuna wa kukuambia, "Ndugu, tusivuke." Ukiwa peke yako sauti hiyo haipo, na kichwa chenye haraka ni mwanasheria hodari, kitakupa hoja kumi za kuvuka. Ndiyo maana mimi husema kwa sauti, kwa Kiswahili. Nasimama kwenye mwamba nasema, "Leo sivuki." Nikishaisikia kwa masikio yangu, inakuwa kama ameisema mtu mwingine, tena mkubwa kwangu. Upepo wa kiangazi mara nyingi hulala jioni na kuamka jua likipanda, kwa hiyo nadamka saa kumi usiku na kuvuka kukiwa na mwanga wa kwanza tu. Ikishindikana, nasonga ugali, nashona kilichochanika, nawasikiliza luni, ndege wa maji wanaolia usiku kama mtu anayeita kutoka ng'ambo. Usiku wa kwanza sauti ile inatisha. Kufikia wa tatu unaanza kuingoja.

Septemba iliyopita nilingoja hivyo siku moja na nusu, mita mia mbili tu kutoka kisiwa kile cha misonobari.

Ramani nimeileta, iko pale mezani. Alama nyekundu ndicho kisiwa chenyewe. Anayetaka kwenda Juni aje tuangalie pamoja, tutaanzia kwenye ziwa dogo.