Sifuri ya Mtoto wa Karonga

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Ndaga fijo kwa kunialika. Naona walioitikia ni wale wa nyuma kule; nyie mnaotazamana, msihofu, narudi kwenye Kiswahili.

Nimepewa mada kubwa, "Amani na Ujirani Mwema", na dakika thelathini. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Jiografia. Amani ya dunia siijui. Ninachokijua ni Mto Songwe, unaotutenga na Malawi, maana nimezaliwa karibu nao na nimefundisha karibu nao. Kwa hiyo leo nitasema habari zetu na Malawi tu.

Nikiwa mwalimu Kyela nilipata mwanafunzi kutoka Karonga, Malawi. Mama yake wa kwetu, baba yake Mngonde wa ng'ambo. Shule ya msingi alisomea kule, akaletwa kwa mjomba wake aendelee na sekondari. Siku moja nikatoa jaribio: chora ramani ya Tanzania uonyeshe mipaka yake. Yule kijana alichora kuliko darasa zima. Rufiji imepinda inavyopinda, Kilimanjaro iko mahali pake. Alipofika Ziwa Nyasa, mstari wake ukateremka ukiulamba ufukwe wetu: Matema, Manda, Liuli, mpaka Mbamba Bay. Maji yote kayaacha Malawi. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata. Swali zima, sifuri.

Akanifuata ofisini na atlasi ya kule kwao, imechakaa, jalada halipo. Akaifungua mezani. Mstari ulikuwa pale pale alipouchora. Nikamwambia, "Hapa uko Tanzania." Akasema, "Sawa, mwalimu," akaifunga, akatoka.

Ile "sawa, mwalimu" imenikaa rohoni miaka mingi. Mtoto hakukosea. Alijibu kama alivyofundishwa na mwalimu mwenzangu aliye mwendo wa baiskeli kutoka kwangu.

Sasa mstari huu umetoka wapi? Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba. Wajerumani walikitaka kisiwa cha Heligoland, kiko kwao huko Bahari ya Kaskazini, hakifiki kilomita mbili za mraba. Waingereza waliitaka Zanzibar. Katika kupeana huku na huku wakapanga na mipaka ya huku kwetu, wakaandika kwamba mpaka ufuate ufukwe wa ziwa, uzunguke kaskazini hadi mdomo wa Songwe. Hakuna Mnyakyusa aliyekuwepo, wala Mngonde, wala Mkisi anayefinyanga vyungu Ikombe na kuvivusha kwa mtumbwi.

Malawi wanaushika mkataba huo. Tena wanaongeza azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Cairo, 1964, kwamba mipaka tuliyorithi tuiheshimu, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliolipigania. Hoja hiyo si ya kipuuzi, na anayewaambieni ni ya kipuuzi hajaisoma. Sisi tunasema desturi ya nchi zinazopakana na ziwa moja ni kugawana katikati, na kwamba Waingereza walipozitawala nchi zote mbili baadhi ya ramani zao zilionyesha hivyo. Mwaka 1967 tuliwaandikia rasmi. Rais Kamuzu Banda akakataa, na mwaka uliofuata akaanza kudai hata nchi kavu ya huku kwetu. Hapo wazee wenu waliishi kwa wasiwasi kweli.

Lakini jambo ambalo silisikii likisemwa ni hili. Ziwa hilo hilo, upande wa Msumbiji, limegawanywa katikati. Waingereza na Wareno walikaa mwaka 1954 wakakubaliana, na visiwa vya Likoma na Chizumulu vikabaki vya Malawi ingawa viko ndani kabisa ya maji ya Msumbiji. Kwa hiyo inawezekana. Wakoloni waliweza.

Mwaka 2012 mtakumbuka. Malawi ilikuwa imetoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, na maneno yakawaka. Nilikuwa kwenye daladala hapa hapa Mbeya, vijana wawili mbele yangu wanapiga mahesabu: "Wale wiki moja tu, tumemaliza." Nikawauliza, mmewahi kufika mpakani Kasumulu? Hawajawahi. Kumbe walikuwa wanataka kumpiga mtu wasiyejua hata anaamkiaje. Anaamkia "Ugonile", kijana wangu, kama bibi yako wa Rungwe! Wakapelekwa wazee kusuluhisha, marais wastaafu: Joaquim Chissano wa Msumbiji akiwa kiongozi, pamoja na Thabo Mbeki wa Afrika Kusini na Festus Mogae wa Botswana. Marais wetu, Kikwete na Joyce Banda, kwa sifa yao, hawakuruhusu risasi. Ila suluhu haikupatikana. Jambo likapoa tu, nasi tumelichukulia kupoa kama ndiyo kwisha.

Mimi hapo sikubaliani. Watu husema, la nini kufukua yaliyolala? Lakini wakati wa kupima shamba ni kabla mahindi hayajaota. Siku mafuta yakionekana kweli, nani atakubali kurudi nyuma hata hatua moja? Ya kuzungumza ni sasa, wakati hakuna cha kugombea zaidi ya usipa, samaki wetu wadogo.

Nitawapeni kisa cha mto, maana ziwani tumeshindwa lakini mtoni tumeweza. Songwe una tabia ya kuhama. Mvua zikizidi unavunja kingo, unajikatia njia nyingine, na kilichokuwa huku kinaamkia ng'ambo. Mjomba wangu alilala ana shamba la mpunga Tanzania, akaamka liko Malawi. Asubuhi akavuka kwa mtumbwi, panga mkononi, hajui atakuta nini. Akamkuta mzee mmoja wa upande ule ameketi kwenye tuta, ana kopo na fimbo, anafukuza ndege. Yule mzee akamwambia, "Nilijua utachelewa, maji ni mengi. Ndege hawangoji." Panga likageuka la kukatia majani. Wakavuna pamoja, mjomba akamwachia madebe mawili. Na serikali zetu nazo, kwa mto huo huo, hazikukimbilia mahakamani. Ziliunda tume ya pamoja ya bonde la Songwe, na ofisi yake iko Kyela.

Tunategemeana kuliko tunavyokiri. Vita vya Msumbiji vilipoziba njia za Nacala na Beira, mizigo ya Malawi ilipita Dar es Salaam, ikaja kwa reli ya TAZARA hadi hapa Mbeya, ikapakiwa kwenye malori kwenda Karonga. Kituo chao cha mizigo kiko humu humu mjini, wengi mnapita nje yake hamjui ni cha nani. Nao tukienda sokoni kwao tunauziwa mchele mzuri unaonukia, unaitwa Kilombero. Kilombero ya wapi? Ya Morogoro! Mbegu inavuka mpaka, jina linavuka, anayesimamishwa ni mwenye gunia.

Mwaka jana hapo, 2025, Malawi ilizuia baadhi ya mazao yetu, na mwezi Aprili sisi tukajibu kwa kuzuia yao. Mpwa wangu hununua ndizi Kiwira na kupeleka ng'ambo. Alinipigia simu akiwa Kasumulu, lori limeegeshwa, ndizi zinaiva. Kwanza alikuwa analia. Siku ya pili akawa anaziuza kwa mafungu kwa madereva wenzake waliokwama, Wamalawi kwa Watanzania, bei ya kutupa. Wakubwa wakakutana, makatazo yakaondolewa. Ndizi hazirudi kuwa mbichi.

Kuna mtu atasema, mzee huyu anawatetea Wamalawi. Nakwambieni mimi bado nauamini mstari wa katikati. Ningeuchora leo. Ila nisingempa yule kijana sifuri. Ningemwambia achore yote miwili, wino wa rangi mbili, halafu anieleze kila mmoja umetoka wapi. Hilo ndilo ombi langu kwa walimu mlioko hapa, na ningependa wenzetu wa kule nao walisikie.

Yule kijana sasa ni mtu mzima, anafundisha Jiografia Karonga. Huwa tunapigiana, hasa mto ukijaa. Juzi nikamuuliza, "Hivi mtoto wa kwetu akija darasani kwako, akachora mpaka katikati ya ziwa, unampa ngapi?"

Akacheka sana. Akasema, "Mwalimu, si ile ile uliyonipa?"