Setilaiti Inaona Ukijani, Nyumbu Anatafuta Malisho

Ndugu wanafunzi wa uzamili, mapendekezo mengi ya utafiti mliyoniletea yanaanza na jina la setilaiti. Nawaomba yaanze na mnyama.

Chukueni nyumbu wa Hifadhi ya Tarangire, kaskazini mwa Tanzania. Kiangazi hujazana kando ya Mto Tarangire, maana maji kwingine yamekauka. Mvua zikinyesha hutoka hifadhini, na wengi huenda kuzalia nyanda za Simanjiro, ambako nyasi zina fosforasi, madini anayoyahitaji mama anayenyonyesha. Kwa hiyo ukisema makazi ya nyumbu huyu, sehemu kubwa ya mwaka unazungumzia ardhi ya vijiji.

Setilaiti inaingiaje hapo? Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Kwa kulinganisha miwili hiyo tunapata kipimo cha ukijani, NDVI. Setilaiti za Landsat zinapiga picha tangu 1972, na mwaka 2008 hazina yake ilifunguliwa kwa wote bila malipo. Leo mwanafunzi akiwa Morogoro anaweza kufuatilia jinsi mashamba yalivyosogea Kwakuchinja, kwenye ushoroba, yaani mapito ya wanyamapori, wa kuelekea Ziwa Manyara, muongo baada ya muongo. Huo ni utajiri, utumieni.

Lakini pikseli ya Landsat, yaani kitone kimoja cha picha kinachofunika mita 30 kwa 30 za ardhi, haijui kinacholiwa. Mahindi, kichaka cha miiba na nyasi nzuri vinaweza kutoa ukijani uleule. Tena masika, wakati nyumbu wako huko nje, ndipo mawingu yanapoziba picha. Rada ya setilaiti ya Sentinel-1, iliyorushwa 2014, hupenya mawingu, ila inasoma umbo na unyevu, fosforasi haioni.

Mfugaji wa Kimaasai wa Simanjiro anaona zaidi. Atakuonyesha boma lililohamwa zamani, ambapo samadi imeotesha nyasi ambazo ng'ombe na wanyamapori huzipenda. Kwenye picha ni doa la pikseli chache, na inaniuma kuona tasnifu ikilifuta kama dosari ya data. Nendeni uwandani na GPS, mkae naye, mrekodi anachosema kwa uzito uleule mnaoupa namba. Ramani ikikamilika, irudisheni kijijini kabla mpango wa matumizi ya ardhi haujapitishwa.

Mapendekezo nitayapokea tena Ijumaa. Kwenye ukurasa wa kwanza nataka kuona mnyama gani, msimu gani, na mtakwenda kumuuliza nani.