Mtu Mzima Akitaka Kusomea Familia

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za mchana.

Wengi wenu hapa mna kazi, mna watoto, na baadhi mnalea wajukuu. Swali lenu nimelisikia: mtu wa miaka arobaini akitaka kusomea makuzi ya binadamu na familia, achukue shahada gani? Nawaomba msianze na jina la shahada. Anzeni na kazi mnayotaka kuifanya, kisha mwulize kazi hiyo inadai cheti gani.

Nasema hivyo kwa sababu kwetu Tanzania elimu hii imetawanyika. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wana shahada ya masomo ya familia na walaji. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, iliyoanzishwa 1973, inafundisha ustawi wa jamii. Taasisi ya Tengeru, Arusha, wana maendeleo ya jamii. Ukiyasikia utadhani ni kitu kimoja, lakini afisa maendeleo ya jamii siku yake inaishia kwenye vikundi na mikopo ya halmashauri, na afisa ustawi anapokea mashauri ya watu.

Chukueni shauri la matunzo. Mama kaingia ofisini na mtoto mgongoni, baba hajatoa hela ya matumizi tangu watengane. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, mahakama inaweza kumtaka afisa ustawi aandae taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Taarifa ile haiandikwi kwa huruma peke yake. Lazima ujue baba anaingiza nini, mama akienda sokoni alfajiri mtoto anabaki na nani, na mtoto wa miaka miwili akiondolewa kwa aliyemzoea anapatwa na nini. Hapo ndipo utamhitaji Urie Bronfenbrenner, yule mwanasaikolojia aliyesisitiza kwamba mtoto hatazamwi peke yake: atazamwe pamoja na nyumba, shule, kazi ya mzazi na sera za nchi. Ukimwelewa, hutaishia kuuliza kama baba ni mkorofi. Utauliza pia kibarua chake kiliisha lini.

Mtu mzima ana mtaji mkubwa katika somo hili. Ameshalipa kodi ya nyumba, ameuguza mzazi, amekaa vikao vya kusuluhisha ndoa za wadogo zake. Ila mtaji huo una mtego wake. Mmoja atasema, "Mimi nimelelewa kwa fimbo na nimekuwa mtu." Darasani kauli hiyo itahojiwa, na itauma, kwa kuwa wanaohojiwa ni wewe na mama yako mzazi. Kijana wa miaka ishirini anaisoma mada ya adhabu ili afaulu mtihani; wewe utaisoma unamwona mwanao. Nawasihi msiikimbie mada hiyo. Kwa maoni yangu hakuna sehemu ya shahada hii inayomjenga mtu mzima kuliko hapo, na asiyekubali kuhojiwa atakwenda kuwahukumu akina mama ofisini.

Kuhusu njia: Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza 1994, na kinamfaa asiyeweza kuacha kazi. Asiye na sifa za kuingia moja kwa moja aulizie programu yao ya awali, au utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wa kuwapima wenye ujuzi walioupata kazini. Na kokote mnakokwenda, hakikisheni programu yenyewe ina ithibati ya mamlaka inayohusika kabla hamjatoa hata shilingi.

La mwisho ni mafunzo kwa vitendo, na hapa ndipo watu wazima wengi wanapokwama. Masomo ya jioni unaweza kuyapanga, lakini ofisi ya ustawi inafunguliwa saa zilezile ulizo kazini kwako. Kiulizeni chuo: vitendo ni wiki ngapi, wapi, na nani atakusimamia? Wekeni akiba ya nauli ya wiki hizo. Na barua ya ruhusa kwa mwajiri iandikwe mapema, kabla ya ada ya muhula wa kwanza.