Kuchoka, Kuchoshwa, Kukinai

Nimelisema hili Igogo, nimelisema Nyegezi, leo nalirudia hapa Kirumba kwa sababu bado tunawajibu vijana wetu vibaya. Kijana anasema, "Nimechoka na maisha." Sisi tunamwambia, "Tafuta kazi ufanye." Jamani!

Sikilizeni kitenzi. Aliyechoka, usingizi unamtosha. Aliyechoshwa, yupo aliyemchosha, mtafuteni. Ninayemhofia ni aliyekinai: sahani imejaa, mkono haunyanyuki.

Mvuvi wa dagaa mnamjua. Siku za giza anatoka jioni, taa zinaelea, dagaa wanafuata mwanga, asubuhi anarudi amelowa. Ikiingia mbalamwezi ziwa zima linang'aa, taa haivuti kitu, anabaki ufukweni siku kadhaa. Basi tunasema vijana wanaharibika kwa kukaa bure. Mimi nimekaa nao. Mmoja alikuwa anashona wavu, akamaliza tundu, akaendelea kushona mahali pazima. Nikamwambia, hapo hapajatoboka. Akasema, "Najua, Mwalimu. Mbalamwezi nachoka kukaa, giza nachoka kwenda. Afadhali mkono uwe na kitu." Mnasikia? Kazi anayo! Tajiri wake anamuuliza wamepatikana ndoo ngapi. Hakuna hata mmoja anayemuuliza usiku ulikuwaje.

Mzee wangu pale nyuma anatikisa kichwa, kwamba enzi zao haya hayakuwepo. Yalikuwepo, mzee wangu. Mliyapeleka kilabuni.

Wala msisingizie simu. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio: mtu peke yake chumbani dakika 15, hana simu wala kitabu, ana kitufe tu cha kujipiga shoti ya umeme. Kati ya wanaume 18, 12 walijipiga. Kukaa na nafsi yako ni kazi ngumu, na hatujawafundisha watoto.

Nilikuwa na la akina mama wanaoanika dagaa, muda umekwisha. La lazima ni hili: mtu akikaa wiki 2 mfululizo na huzuni, au hana hamu na chochote, huenda ni sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Mpelekeni hospitali. Akitamka kwamba anataka kufa, usimwache peke yake, nenda naye leo leo.

Yule kijana nampitia kila mbalamwezi. Nilipomuuliza mara ya kwanza usiku ulikuwaje, alisema, "Kawaida." Mwezi uliopita alinisimulia mpaka jua likawa kali, nikachelewa kanisani.